Nilitafuta jina langu Kaboya

Jina ninaloitwa nyumbani si langu peke yangu. Ni la baba mdogo, askari wa JWTZ aliyekufa mwaka 1979 kwenye vita vya Kagera akiwa na miaka 22. Nilizaliwa miaka minne baadaye, na kabla sijazaliwa bibi alikuwa ameshasema kwamba akija mtoto wa kiume, jina lipo. Nikiwa mdogo bibi akiniita kutoka jikoni, nikifika mlangoni alikuwa ananitazama kwanza, kimya, halafu ndipo anakumbuka alichotaka kunituma.

Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye kwao yupo kijana wa namna hiyo. Hakuwa afisa wala hakupata nishani, na picha yake iliyobaki ni moja. Sisi tulichukua miaka thelathini na sita kufika mahali alipolazwa, na safari yenyewe kwa basi ni ya siku moja. Miaka mingine yote ilipotelea kwenye ukimya na makosa, na mengi ya makosa hayo niliyafanya mimi.

Kwetu ni Iramba, mkoani Singida. Baba mdogo alipitia JKT, kisha mwaka 1977 akaandikishwa jeshini. Septemba 1978 alikuja likizo, akalala nyumbani wiki mbili, akarudi kikosini. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza redioni, yale maneno ambayo kila Mtanzania wa umri fulani anayajua kwa moyo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Shangazi alikuwa na miaka kumi na mitano. Anasema watu walijaa uani kwa jirani mwenye redio, wakapiga makofi, na bibi akainuka katikati ya makofi akachukua ndoo akaenda kisimani. Usiku. Na maji nyumbani yalikuwepo.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kijijini walichinja mbuzi. Juni ikaja taarifa ya kifo. Msiba ukawekwa bila maiti, watu wakalala matanga, wakatawanyika. Kuanzia hapo habari yake ikawa sentensi moja tu: "Alikufa akiingia Kampala." Nilikua nikiisikia hivyo, nami nikawaambia wenzangu shuleni hivyohivyo, kwa fahari.

Bibi alifariki mwaka 2004. Siku chache kabla, nimekaa naye, aliniuliza, "Hivi yule walimweka wapi?" Nikajibu bila kufikiri, "Uganda, bibi." Akaitikia kwa kichwa. Sikuwa najua. Nilijaza nafasi tu ili swali liishe. Miaka kumi baadaye, Julai 25, 2014, nilikuwa nakula mgahawani Singida mjini, televisheni iko juu ya friji, wanaonyesha maadhimisho ya Siku ya Mashujaa. Mwaka ule yalifanyika Kaboya, wilayani Muleba, mkoani Kagera. Rais Kikwete alikuwepo. Kamera ikapita kwenye makaburi ya askari wetu wa vita vile, ikapanda kwenye mnara mweupe wenye majina. Nchini kwetu, kwenye ardhi ya Tanzania. Bibi alikufa akiamini mwanawe amezikwa ugenini, na aliyemwaminisha ni mimi. Katika yote nitakayoeleza hapa, hilo ndilo ambalo sina namna ya kulirekebisha.

Nilitoka mgahawani nikaenda moja kwa moja nyumbani na daftari jipya. Nikamkuta baba anatengeneza mpini wa jembe. Nikaanza kumuuliza: alikuwa kikosi gani, taarifa ilitoka ofisi ipi, ililetwa na nani, iko wapi. Nikauliza kama karani wa sensa. Baba aliweka mpini chini akasema, "Yule alishakufa. Unamtaka nini?" Akaenda kuangalia ng'ombe, na tangu siku hiyo karibu wiki mbili hatukuongea zaidi ya salamu.

Nilidhani hajali, na nilimkasirikia kwa hilo. Shangazi ndiye aliyenielekeza. Alisema, "Kaka yangu usimwanzie na kifo. Mwanzie na mpira, walikuwa wanacheza timu moja." Nikasubiri mpaka jioni moja tuko wawili tu, nikamuuliza ni nani alikuwa anacheza wingi ya kushoto enzi zao. Baba akacheka. Akasema yule mdogo wake alikuwa na mbio lakini krosi zake zote zilikwenda kwenye shamba la mtama la jirani, mpaka jirani akatishia kumfunga kamba. Aliongea nusu saa. Sikuandika kitu, na nilijuta baadaye kwa sababu mengine nimeyasahau. Kama simu yako inarekodi sauti, omba ruhusa, iweke mezani na uisahau. Daftari linawafunga wazee midomo.

Ni shangazi huyohuyo aliyekuwa na mkebe. Bibi alimwachia. Ndani kulikuwa na picha ndogo ya pasipoti, barua moja, na bahasha yake. Barua ni ya Februari 1979, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la mistari, imekunjwa mara nyingi hata kwenye mikunjo wino umekuwa kama moshi. Anaandika kwa mkono uliolala, herufi "g" zake zina mikia mirefu inayogusa mstari wa chini. Anasema wazima, anasema walivuka ziwa usiku kwa meli na wengi walitapika ila yeye hapana. Anauliza kama mvua zimenyesha. Anamwambia bibi asiuze uwele wote. Na mwisho, pembezoni, kwa sababu karatasi ilikuwa imekwisha: "Mwambie kaka baiskeli yangu isiuzwe, nitairudia."

Picha ile niliiharibu. Nilitaka kuitunza, nikaipeleka stesheneri ikapigwe laminesheni. Mashine ina joto, na picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe haivumilii. Ilitoka na mapovu shavuni na kwenye jicho la kulia, na plastiki ile haitoki tena. Fundi aliniomba radhi lakini kosa si lake, mimi ndiye niliyempa. Picha ya zamani ipige picha kwa simu kwenye mwanga wa mchana, isambaze kwa ndugu watatu wanne, halafu ya asili irudishe kwenye bahasha ya karatasi na uiache ipumue. Nilikaa siku mbili kabla ya kumwonyesha shangazi. Aliishika, akaigeuza, akasema, "Basi, mdomo umebaki."

Kosa lililofuata lilikuwa la fedha. Kuna mtu alijitambulisha kwangu kwamba anafahamiana na watu wa masjala na anaweza kunipatia faili la marehemu. Nilimtumia shilingi 150,000 kwa mara mbili. Mara ya tatu alipotaka 70,000 za "karatasi", nikapiga, simu haipatikani mpaka leo. Jambo lenyewe halikuhitaji mtu wa kati. Njia iliyonisaidia ilikuwa wazi na ya bure: barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji, nikaenda nayo kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya. Yeye mwenyewe ni mwanajeshi, anajua pa kupeleka swali. Alinieleza kwamba kule ni eneo la jeshi, nisijitokeze tu langoni, niandike kwanza kuomba kutembelea kaburi la ndugu na nieleze uhusiano wetu. Nilisubiri wiki kadhaa nikapata ruhusa. Kabla sijaondoka aliniambia, "Beba kila karatasi yenye jina lake." Nikaitikia ndiyo. Sikubeba. Barua nilikuwa naijua kwa kichwa, bahasha sikuona kazi yake, nikaviacha vyote kwa shangazi visije vikapotea njiani.

Nilisafiri Machi 2015. Nauli kutoka Singida ilikuwa shilingi 45,000. Basi linapita Nzega, Kahama, Biharamulo, linaingia Muleba usiku, watu wamelala. Mimi nilikuwa nimekata tiketi ya Bukoba kwa sababu kichwani mwangu Kagera ni Bukoba. Nikapitiliza Muleba nikiwa macho kabisa, nikalala gesti Bukoba, asubuhi nikapanda Hiace kurudi njia ileile niliyotoka. Hasara haikuwa kubwa, siku moja na shilingi elfu thelathini hivi, lakini nilifika langoni nimechoka na nimechelewa, na aliyekuwa ameandaliwa kunipokea alikuwa ameshapewa kazi nyingine.

Askari wa zamu alisoma barua yangu, akaangalia kitambulisho.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ni nani yako?"

"Baba mdogo."

"Jina?"

Nikataja jina langu, na la babu. Akalinganisha na kitambulisho, akatabasamu kidogo. "Wewe au yeye?"

"Wote wawili."

Kule ndani kumetulia kuliko nilivyotarajia. Nyasi zimefyekwa, makaburi yamepangwa kwa mistari, na ule mnara mweupe niliouona kwenye televisheni. Nilianza kusoma majina kutoka juu, kidole kikifuata. Unasoma na nchi nzima inakupitia mkononi: majina ya Kusini, ya Pwani, ya Kigoma, ya Mara, ya Kilimanjaro, Wakristo na Waislamu, na majina ya kwetu ambayo nikiyaona moyo unaruka. Nilimaliza. Sikumwona. Nikarudia toka mwanzo, safari hii polepole, natamka kwa sauti ndogo. Hayupo.

Siwezi kueleza vizuri nilichohisi. Ni jambo geni kutafuta jina lako mwenyewe kwenye orodha ya waliokufa na kuumia kwamba halipo. Niliwaza pengine alizikwa porini wakamkosa. Niliwaza pengine bibi nilimjibu sawa. Askari yule alikuwa amesimama mbali kidogo akiniacha na mambo yangu. Mwishowe alisogea akauliza, "Huyu mzee jeshini aliandikishwa kwa jina gani?" Nikasema hilohilo. Akasema, "Una hakika? Wengi wa wakati ule nyumbani ni jina moja, jeshini jingine. Namba yake unayo?"

Nikampigia shangazi. Mtandao ulikatika mara tatu. Mara ya nne akapokea binti yake, nikamwambia afungue mkebe aache barua, asome bahasha, upande wa mtumaji. Nikamsikia akihema, akitafuta miwani ya mama yake. Akaanza: "M, T..." akataja namba, akataja namba ya kikosi na herufi KJ, halafu majina. Jina la ubatizo, jina la ubatizo la babu, jina la ukoo. Jina ambalo mimi nimelibeba maisha yangu yote halikuwemo.

Nilikuwa nimelipita mara mbili. Lilikuwa karibu na usawa wa kifua changu. Niliweka kiganja juu yake na nikabaki hapo. Baadaye shangazi aliniambia kwamba lile la ubatizo bibi alilitumia akiwa amemkasirikia tu, akichelewa na mbuzi au akirudi amechana suruali. Kwa hiyo nyumbani lilijulikana, lakini kwa sauti ya ugomvi, na hakuna aliyefikiri kulitaja kwa heshima. Niliandika majina mawili yaliyo juu yake na mawili yaliyo chini yake. Sikujua kwa nini naandika. Askari alivua kofia yake, akakaa nayo mkononi mpaka nilipomaliza.

Ukienda, nenda na jina la ubatizo au la kusilimu, jina la babu kama lilivyoandikwa kwenye vyeti, jina la ukoo, na kila namna ya kuyaandika unayoweza kufikiria. Namba ya jeshi ikipatikana ni bora kuliko majina yote. Nayo haiko mahali pa ajabu: iko nyuma ya bahasha, kwenye kitambaa cha begi la zamani, kwenye jalada la Biblia, mahali ambapo kijana mwenyewe aliiandika ili vitu vyake visichukuliwe na wenzake.

Namba ile ya kikosi ilizaa jingine. Mshauri wa Mgambo aliuliza kwa wastaafu anaowafahamu, simu ikapita kwa watu watatu, na Desemba nikajikuta Nzega nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa kikosi kimoja na baba mdogo. Nilimpelekea sukari kilo mbili na kitenge cha mkewe. Nikamweleza kwamba mimi ni mtoto wa kaka wa mwenzao fulani, yule aliyeuawa akiingia Kampala.

"Nani alikwambia Kampala?" mzee akauliza. "Kampala hakuiona. Sisi tulikuwa watu wa chakula."

Akanieleza. Ilikuwa wiki moja baada ya Kampala kuanguka. Mvua za Aprili, barabara ya Masaka, usiku, malori yanapandisha unga na maharage kwa walio mbele. Walikuwa wanatembea bila taa kwa mazoea ya vita. Gari liliacha njia kwenye kona likabinuka na mizigo, na vijana walikuwa wamelala juu ya magunia. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye lori la nyuma. Alisema waliwatoa kwa kupapasa.

Nitasema kweli: kitu cha kwanza kilichonijia ni kuvunjika moyo. Nilikuwa nimefunga safari zote zile nikitafuta mtu aliyekufa na bunduki mkononi, nikapewa mtu aliyekufa usingizini juu ya gunia la unga. Nilinyamaza, na nadhani mzee aliuona uso wangu. Akasema, "Walio mbele walikula kwa sababu yetu." Hakusema kwa kujitetea. Kisha akamwita mkewe, akamwambia alete "zile karatasi".

Mama yule alikuja na barua mbili. Mzee alinieleza kwamba wakati ule yeye hakujua kuandika, alijifunza baadaye, na barua zake zote kwa mchumba aliandikiwa na baba mdogo, naye hakuwa peke yake aliyeandikiwa. Jioni askari walipanga foleni mbele ya baba mdogo, kila mmoja na karatasi yake. Nikafungua. Mkono uliolala. "G" zenye mikia mirefu mpaka mstari wa chini. Nilikuwa nasoma maneno ya mapenzi ya mtu mwingine kwa mwandiko ninaoujua, na mama mwenyewe amekaa mbele yangu amefunika mdomo kwa khanga, anacheka kwa aibu baada ya miaka thelathini na sita. Pale ndipo nilipomwona baba mdogo. Kijana wa miaka ishirini na mbili, amekaa juu ya gunia, amegeuza sanduku la risasi kuwa meza, anamuuliza mwenzake, "Haya, tumwambieje?"

Njia nzima ya kurudi nilijiuliza nimwambie baba au nisimwambie. Amewasimulia wajukuu zake habari ya Kampala kwa miaka, na ni haki ya mtu kufa na simulizi yake. Shangazi alisema nisimwambie. Niliona kwamba nimeshamjibu bibi kwa kukisia mara moja, na sitaki kurudia.

Nilimkuta amekaa nje, jua linazama. Nikamwonyesha picha za mnara kwenye simu, nikamsomea jina. Kisha nikamweleza habari ya lori, yote, bila kupamba. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwa hiyo hakuwa peke yake?" Nikamwambia hapana, walikuwa pamoja, na wenzao waliwatoa usiku uleule.

"Na pale kwenye ukuta, yuko kati ya nani na nani?"

Nikafungua daftari nikamsomea yale majina manne. Aliyarudia moja moja, kama mtu anayetambulishwa kwa wageni. Tukakaa. Nilidhani amemaliza.

"Ile baiskeli," akasema, "niliiuza Januari. Mama alikuwa mgonjwa, na mganga wa zahanati alisema apelekwe Kiomboi. Barua imefika mwezi wa tatu, baiskeli imeshakwenda. Mama akanisomesha ile barua kwa sauti mbele ya watu. Nilipofika pale pembeni nikaruka."

Sikujua la kusema. Nikamuuliza ilikuwaje, hiyo baiskeli.

"Nyeusi. Raleigh. Kengele aliihamishia kushoto, kwa sababu mkono wa kulia alikuwa anapungia watu."